Miezi 14 Kulisubiri Ziwa: Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka 11 nilikula kwa picha za paspoti. Nilikuwa na kibanda cha studio Mwanjelwa, mjini Mbeya: pazia la bluu, stuli moja, kioo cha mteja kujitazamia, na chanuo nililolifunga kwa uzi lisiondoke na mtu. Jumamosi nilikuwa harusini, Jumapili kwenye ubatizo na kipaimara, na msimu wa mahafali silali. Kisha simu zikaanza kutoa picha nzuri kuliko kamera yangu, wateja wakapungua, nikabaki na kamera, muda, na macho yaliyochoshwa na pazia la bluu.

Siku moja mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa mteja wangu akaniuliza kama ninaweza kumpigia Ziwa Ngosi, picha kubwa ya kutundika mapokezi. Nikamwambia, "Kesho kutwa unayo." Nilimpelekea baada ya miezi 14. Njiani nilipita maziwa mengine, misitu mingine, na aibu kadhaa. Yafuatayo ndiyo niliyotoka nayo, kwa mpangilio ule ule wa kuumia kwangu.

1. Mwulize mwenye shamba, simu iache mjini

Ngosi limo ndani ya milima ya Poroto, magharibi ya barabara kuu itokayo Uyole kwenda Tukuyu. Ni ziwa la volkeno: kichwa cha mlima kilididimia zamani, shimo likajaa maji. Unapita mashamba ya viazi, unaingia msituni, unapanda kwenye utelezi ukishika mizizi, halafu ghafla mlima unakwisha miguuni pako na ziwa liko chini kabisa, kuta zake zimevaa miti mpaka majini.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Safari ya kwanza nilifika ukingoni saa saba mchana na sikuona ziwa lolote. Ukungu ulikuwa umejaa shimoni kama maziwa kwenye sufuria, unachemka taratibu na kumwagikia viatu vyetu.

"Limejifunika," akasema mzee aliyenipandisha.

"Asubuhi lilikuwa wazi?"

"Asubuhi wewe ulikuwa wapi?"

Asubuhi nilikuwa Mwanjelwa nakunywa chai, kwa sababu simu ilikuwa imeniambia siku nzima ni jua. Ilisema kweli, ila ilizungumzia Mbeya mjini, ambako ni ng'ambo ya milima na ni kukavu zaidi. Upande wa Rungwe hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, ikigonga milima inapoa na kuwa wingu. Ndiyo sababu Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo sababu migomba yake haijui kiangazi. Simu haikujua hayo. Mzee yule, aliyekuwa amepanda viazi chini ya mlima huo maisha yake yote, alitazama upande wa Tukuyu kwa sekunde mbili tu kabla hatujaanza kupanda na akasema, "Twende, lakini umechelewa." Nilidhani ananitega nimwongeze pesa.

Siku hizi nikipanga safari ninapiga simu kwa mtu mwenye shamba huko. Ninamwuliza jana mawingu yalishuka saa ngapi na juzi saa ngapi. Majibu mawili ya namna hiyo yananitosha.

2. Jua la kwetu halina subira

Safari ya pili nikaamua kuwahi. Nilikuwa nimetazama mafunzo ya video ya mpigapicha wa Ulaya ya kaskazini anayesema nuru laini ya asubuhi hudumu saa nzima na zaidi, mtu anapata hata muda wa kunywa kahawa. Kwao ni kweli. Jua lao hupanda kwa mshazari, kama mtu anayepanda kilima kwa kuzunguka. Sisi tuko nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, kama fundi kwenye ngazi. Tangu lichomoze mpaka lifike kimo cha nyuzi 6 juu ya upeo, pale ambapo wekundu wake umeshapauka, ni kama dakika 25. Ukiwa bado unatafuta kitambaa cha kufutia lenzi, limekwisha.

Na kuna jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam akija Mbeya linampiga chenga. Nchi nzima tunatumia saa ile ile, lakini jua halijui hilo. Mbeya iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linachelewa zaidi ya dakika 20 nyuma ya Dar. Mwezi Juni huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Nimewahi kumpandisha mgeni mmoja kutoka pwani aliyesisitiza tuwe juu saa kumi na moja na nusu. Tulikaa gizani tukitetemeka kwa muda mrefu kuliko ibada ya mkesha.

Mimi mwenyewe katika safari hiyo ya pili nilifika kwa wakati, nikafungua begi, nikagundua kwamba stendi ipo lakini kile kibao kidogo cha kuifungia kamera kimebaki nyumbani, kimenasa kwenye kamera nyingine. Stendi bila kibao hicho ni fimbo ya kutembelea. Kilichoniokoa ni kilo mbili za maharage nilizonunua jana yake barabarani kwa ajili ya nyumbani. Niliulaza mfuko juu ya jiwe, nikaikandamiza kamera juu yake, ikatulia kama yai kwenye kiota. Picha haikuwa nzuri, jua lilikuwa limeshanipita, ila haikutikisika. Mpaka leo natembea na mfuko mdogo wa maharage. Wapigapicha wenzangu wananicheka mpaka siku wanapouazima.

3. Kabla ya kulisubiri jua, tazama mlima uko upande gani

Baina ya safari ya pili na ya tatu ya Ngosi nilikwenda Matema, Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nilihitaji kupumzika na ziwa linalokataa kuonekana. Ziwa Nyasa halina tabia hiyo. Liko pale, kubwa, na mchanga wake unafanya mtu asahau kwamba bahari iko mbali.

Nikaamka alfajiri kama kawaida ya watu wenye bidii. Nikasimamisha stendi mchangani, nikachagua ngalawa, nikasubiri. Saa kumi na mbili, hakuna kitu. Saa moja, anga limekuwa jeupe lakini ufuko mzima bado uko kivulini. Karibu yangu alikuwapo mvuvi anashona nyavu, kidole gumba cha mguu kimeshika uzi. Akanitazama weee, mwisho akauliza:

"Kaka, unasubiri boti?"

"Nasubiri jua."

Akaelekeza sindano yake ya nyavu nyuma ya bega langu la kushoto. "Na lile pale ukutani?"

Ukuta wenyewe ni Milima ya Livingstone. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari; milima ile inasimama mashariki, mguu wake majini, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Jua la asubuhi inabidi lipande lote hilo kabla ya kuonekana Matema. Likija kutokea, limeshakuwa jua la mchana, kali na jeupe, halina maana kwa mpigapicha.

"Huku kwetu jua ni la jioni," akasema mvuvi, akarudi kwenye nyavu zake.

Jioni nikarudi, safari hii nikilipa ziwa kisogo kidogo na kuigeuzia kamera milima. Saa kumi na mbili kasorobo ule ukuta uliokuwa kijivu siku nzima ukaanza kupata joto. Kila korongo likachora kivuli chake, kila mgongo ukang'aa, rangi ikitoka kahawia kwenda embe bivu, kisha zambarau kuanzia chini, kivuli kikipanda mlima kama maji yanavyopanda kwenye debe. Nilipiga picha 140. Nilizobakisha ni tatu.

Ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa bora kuliko zote, sina. Wanawake wa Kikisi wa upande wa Ikombe hufinyanga vyungu vinavyojulikana nchi nzima na huvileta kwa mitumbwi hadi gulio la Matema. Mtumbwi mmoja ulipita mbele ya mlima ule uliowaka, vyungu vimepangwa kama vichwa vya watoto shuleni, mwanamke nyuma na kasia. Nami wakati huo nilikuwa nabadili lenzi, kamera imefunguka kifua, kifuniko kiko mdomoni. Mpaka niipachike, mtumbwi umeshaingia kivulini. Nikajifunza kwamba jioni ikianza, lenzi iliyo kwenye kamera ndiyo lenzi ya siku hiyo.

Nikiwa hapo hapo Matema niliona moshi mzito ukipanda katikati ya ziwa, mrefu kama mnara, nikapiga kelele kwamba boti inaungua. Hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wadudu wa ziwani, vijidudu vidogo kuliko mbu wanaotoka majini kwa mamilioni na kuruka pamoja. Ng'ambo, Malawi, wanawaita kungu, na watu huwakamata wakawakanda kuwa mikate. Nilipiga picha ya moshi huo. Kila ninayemwonyesha husema, "Pole, watu walipona?"

4. Uzuri na tope ni ndugu

Kitulo, ule uwanda wa juu wa mita 2,600 baina ya Mbeya na Makete, wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, na ilitengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Mimi nilikwenda Julai. Nilipiga hesabu hivi: Julai barabara ni kavu, gari halikwami, anga safi. Yote yakawa kweli. Nikakuta nyasi.

Nyasi za rangi ya mkate, mpaka macho yanapoishia, na asubuhi yake barafu nyembamba juu ya kila jani. Maua ya Kitulo hufuata mvua, kuanzia kama Novemba hadi Aprili, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoigeuza barabara kuwa uji. Niliporudi Februari, Noah tuliyopanda ilisukumwa mara tatu, na suruali yangu ilisimama yenyewe ilipokauka. Lakini bonde lilikuwa limetandikwa: njano, nyeupe, zambarau, okidi ndogo zinazotaka ulale kifudifudi ndipo zikuoneshe uso.

Safari ile ya Julai nayo haikupotea bure, maana baridi ilinifundisha mawili. La kwanza, betri huzimia kwenye baridi. Iliyosoma robo tatu usiku ilisoma tupu alfajiri. Nikaiweka kwapani chini ya sweta kwa muda wa kunywa chai, ikafufuka ikapiga picha nyingine 60. Siku hizi betri za akiba hulala nami blanketi moja. La pili, baada ya kupiga picha za barafu niliingia moja kwa moja jikoni kwa mama aliyekuwa anachoma viazi, moto mkubwa, birika linatoa mvuke. Lenzi ikaoga. Unyevu ulishika mbele na, nilivyokuja kuona baadaye, ndani pia. Dawa yake ni mfuko wa nailoni: kabla hujaingia kwenye joto, ifunge kamera ndani ya mfuko ungali nje, iache ipate joto polepole, unyevu utashika kwenye nailoni.

Kuhusu okidi, nina neno. Mizizi ya aina kadhaa imechimbwa kwa miaka mingi na kupelekwa Zambia, ambako husagwa ikapikwa chikanda. Uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuanzisha hifadhi. Nilipoanza kuzirusha picha zangu mtandaoni sikujua kwamba simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa hatua chache. Mtu akaniandikia kwa upole akinishukuru kwa "ramani". Sijui alikuwa nani, ila nilizima lokesheni siku hiyo hiyo, na sitaji tena mabonde kwa majina.

5. Msituni, wingu ni rafiki

Msitu wa Mlima Rungwe ulinishinda kwa mwaka mzima. Kwa macho ni kanisa: mashina yenye ndevu za kuvu na miti ya migomba-mwitu, ukimya unaotonatona. Kwenye picha ni fujo. Jua likiwaka linatoboa majani na kumwaga madoa meupe, vivuli vinakuwa vyeusi kama lami, jicho halijui pa kutua.

Nilikuwa naukimbia ukungu kwa sababu ya Ngosi. Siku ulionikamata msituni bila njia ya kukimbilia ndipo nikaona kazi yake. Ukungu unafuta nyuma. Shina la karibu linabaki jeusi, la pili kijivu, la tatu kama wazo. Fujo yote imeingia kabatini. Ninachofanya huko sasa ni kutafuta shina moja lenye umbo, kulipa nafasi, na kuongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, maana kamera ikiona weupe mwingi huogopa na kuifanya picha iwe ya majivu.

Kipunji sijampiga. Kima huyo alikuja kutambuliwa na watafiti huko Rungwe mwaka 2003 na kutangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake kabla ya hapo; ndilo hilo hilo dunia inalotumia. Nimemsikia mara mbili. Sauti yake ni kama ya mtu anayepiga honi na kubweka kwa pamoja. Nilipoinua kamera nikapata picha nzuri sana ya tawi linalotikisika.

6. Maji yanayokimbia yanataka kitambaa kuliko lenzi

Hili ni fupi. Maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, yana pango nyuma ya maji, na kila mtu hutaka kupiga kutokea humo. Pigeni, lakini manyunyu yatapaka lenzi kila baada ya sekunde tano. Khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikachoka inafuta vizuri kuliko vitambaa vya dukani. Ukitaka maji yawe kama pamba, nusu sekunde inatosha. Ukizidisha sana yanakuwa plastiki. Asubuhi mapema, kabla jua halijaingia bondeni, utaipata nusu sekunde hiyo bila kununua kioo cha giza.

7. Mtu aliyeko kwenye mandhari yako ana maoni

Vilima vya chai vya Tukuyu vinapigika hata na mtoto. Mistari imechorwa tayari, kijani kinateleza juu ya kijani, na nyuma yake Rungwe imekaa na kofia yake ya wingu. Kinachokosekana ni kipimo. Bila mtu, mtazamaji hajui kama anaangalia kilima au zulia.

Kwa hiyo nikamwona mama mmoja na kapu mgongoni, aproni ya nailoni kiunoni, katikati kabisa ya mstari. Nikainua kamera. Akainua mkono.

Nikasogea, nikamsalimu, "Ugonile, mama." Akaitikia, akacheka matamshi yangu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Kwa nini hamji Jumapili?"

"Jumapili hamchumi, mama."

"Jumapili nimevaa. Leo nimechafuka. Ninyi wa kamera mnapenda tuwe tumechafuka."

Mimi niliyekuwa nawapangusa watu jasho na kuwanyoosha kola kabla ya picha ya paspoti, nilikosa la kusema. Ningekuwa studio nisingethubutu kumpiga mteja kabla hajachana nywele. Nilipotoka nje nikadhani miti na watu ni kitu kimoja.

Jumapili nikaenda. Nikampiga na wanawe wanne mbele ya nyumba, kitenge kipya, kila mtu ameshika pumzi. Nikazisafisha, nikampelekea. Wiki iliyofuata akaniita mwenyewe shambani na kunionyesha mstari ambao jua la saa tisa huupiga vizuri. Sikupata kuujua mstari ule kwa akili yangu.

Ziwa Masoko, lile la duara karibu na ngome ya zamani ya Wajerumani, lilinipa somo hilo hilo kwa namna nyingine. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa humo silaha na fedha walipokuwa wanakimbia Vita Kuu ya Kwanza. Nilimkuta kijana ukingoni, nikamwomba asogee nipate ziwa tupu. Akasogea. Picha ikawa ya sahani ya maji. Nikamwomba arudi.

8. Picha ndogo kwa mazungumzo, kubwa kwa malipo

Kampuni moja iliniomba sampuli za mandhari ya Nyanda za Juu. Kwa furaha nikawatumia faili kamili, kumi na mbili, zile kubwa kabisa. Wakanyamaza. Desemba niliingia kinyozi, nikakaa, nikainua macho: Machi ilikuwa Matema yangu, Agosti ilikuwa chai yangu. Jina langu halikuwapo hata kwa herufi za chungu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo au kitabu, na nilikuwa nayo haki. Ila haki bila karatasi ni maneno ya kinyozini. Sikuwa na barua, sikuwa na makubaliano, nilikuwa na meseji moja inayosema "Poa kaka, tutakucheki." Sasa sampuli zangu ni ndogo kama stempu, zina jina langu katikati, na faili kubwa hutoka baada ya saini. Kinyozi alinipa ile kalenda bure, nikaikataa, nikaja kujuta. Ilikuwa imechapwa vizuri kuliko ninavyochapa mimi.

9. Uliza ni kipi kilichobaki nje ya fremu

Safari ya tatu ya Ngosi mvua iliturudisha katikati ya msitu. Ya nne nililipata ziwa wazi, mchana kweupe, anga tupu kama pazia langu la Mwanjelwa. Mwenye nyumba ya wageni alipoiona akasema kwa adabu kwamba angeweza kusubiri.

Ya tano nililala kwa mzee. Mkewe alituamsha saa tisa usiku kwa chai ya tangawizi, tukapanda kwa tochi moja, yeye mbele akigonga mizizi kwa fimbo ili nijue pa kukanyaga. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa ukingoni, stendi imesimama, kibao kipo, betri iko kwapani. Shimo lilikuwa limejaa ukungu hadi mdomoni. Sikusema kitu. Mzee naye hakusema. Jua likatokea nyuma yetu, likagusa ukuta wa mbali juu kabisa, likaanza kuteremka juu ya miti, na ukungu, kama umeguswa begani, ukapasuka. Maji ya kijani-bluu yakaonekana chini, yana utepe mmoja mweupe juu yake. Tulikuwa na dakika nne. Kushoto kulikuwa na mti mkubwa uliokuwa unaingiza tawi lake kwenye fremu. Nikasogeza stendi hatua mbili kuukwepa, nikapiga. Saa moja na nusu ziwa lilikuwa limejifunika tena.

Picha hiyo ndiyo iliyo mapokezi mpaka leo. Nikasafisha nyingine kama hiyo, ukubwa wa A3, nikaitia fremu ya mninga, nikampelekea mzee.

Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Akaiinamisha dirishani. Akavaa miwani ya mkewe.

"Mti uko wapi?"

"Mti gani, mzee?"

"Mti. Tunapokaa. Baba yangu alinikalisha pale mara ya kwanza kuliona ziwa. Wewe mwenyewe umekaa pale mara nne."

Nikamweleza kwamba tawi lilikuwa linasumbua upande wa kushoto.

"Linamsumbua nani?"

Nikarudi mwezi uliofuata, safari ya sita, mimi na yeye. Ilinyesha. Nilimpiga ameketi chini ya mti wake, mgongo kwenye gome, mwavuli umefungwa magotini kwa sababu majani yalimtosha. Nyuma yake ni weupe mtupu. Asiyejua hawezi kusema kuna ziwa. Hiyo ndiyo imetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio. Ile nyingine, ya nuru niliyoisubiri miezi 14, iko chumba cha wageni. Mkewe anasema imeziba vizuri pale ukuta ulipopasuka.